Chaneli ya Dada Bobini na mama aliyeacha kuimba

Saa kumi na moja alfajiri, blanketi zito limetundikwa mlangoni na feni imezimwa. Fundi wa cherehani amechuchumaa sakafuni mbele ya simu iliyofungwa kwa mpira kwenye mgongo wa kiti. Jasho linamtiririka shingoni, lakini halifuti.

"Watu wengi wanailaumu bobini, hiki kigurudumu cha uzi wa chini," anaiambia simu kwa sauti ya chini. "Maskini, bobini haina kosa. Inua mguu wa cherehani kwanza, halafu pitisha uzi wa juu upya."

Kitandani, mama yake ameketi na kikombe cha chai. Hajaikoroga, asije akakigonga kikombe kwa kijiko.

Huyu ndiye Dada Bobini, kama wanavyomwita watu elfu sita wanaofuata chaneli yake ya video za kutengeneza cherehani. Ana miaka thelathini na mmoja na macho yamemvimba kwa usingizi. Somo hili la uzi unaojikunja chini ya kitambaa analirekodi kwa mara ya tatu. Likiharibika na leo, anasema, anaifunga chaneli.

Ufundi alifundishwa na mjomba wake, na mchana hukaa kwenye kibanda chake mwenyewe kando ya barabara. Video alizianza kwa kuchoka tu. Wateja walimpigia simu kutwa kuuliza jambo lilelile.

"Nikaona bora nirekodi mara moja, nipumue," anasema. "Kumbe najitafutia kazi ya pili."

Chaneli ilipopata wafuasi na saa za kutazamwa za kutosha, akakubaliwa kulipwa sehemu ya mapato ya matangazo yanayopita kwenye video zake. Haukupita muda, somo la uzi likatazamwa mara laki mbili. Akaanza kuota bati jipya la kibanda.

Fedha hazikuja. Kibanda chake na cha kinyozi vimetenganishwa na ubao mmoja tu, na kinyozi ana spika kubwa. Wimbo uliopigwa humo ulisikika nyuma ya maelezo mwanzo hadi mwisho. Mtandao ukautambua, na mapato yote ya video ile yakaelekezwa kwa mwenye wimbo.

"Nilimwendea nimefura," anakumbuka fundi. "Akaniambia, 'Dada, si ungenishukuru? Hao laki mbili walikuja kusikiliza muziki wangu!' Nikamuuliza, 'Kwani wimbo ni wako?' Akasema, 'Hapana, spika ndiyo yangu.' Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka."

Kinyozi hana roho mbaya, ila akizima muziki wateja hudhani amefunga. Ndipo fundi akahamishia kazi ya kurekodi nyumbani, alfajiri, mtaa ukiwa bado umelala. Jogoo wa jirani huingia kwenye video karibu zote.

"Huyo sina neno naye," anasema. "Jogoo hadai hakimiliki."

Miezi minane tangu hapo, amekusanya dola sabini na moja. Hawezi kuzitoa mpaka zifike mia. Kutwa anafungua mashine za watu, jioni anakata video mpaka macho yanagoma, na kabla hajajigeuza mara mbili kitandani, kumekucha.

Lakini usingizi si kitu, anasema. Kinachomuuma ni ukimya wa chumba hiki.

Mama yake alikuwa mtu wa kuimba. Akifua anaimba, akipiga deki anaimba, hata akitafuta miwani. Alfajiri moja alijisahau, akaanza wimbo aliouzoea redioni katikati ya kurekodi. Fundi akaweka kidole mdomoni, basi. Wiki kadhaa baadaye jirani akamsimamisha uani.

"Aliniuliza, 'Mama anaumwa? Mbona siku hizi hatumsikii?' Ndiyo kwanza nashtuka. Alikuwa haimbi tena hata mchana, hata nikiwa kazini."

"Hakunifokea," mama anamtetea. "Nilijisemea tu, mtoto anahangaika, mimi nimharibie kwa la-la-la zangu? Sasa ulimi ukizoea kufungwa, mchana nao unasahau kufunguka."

Fundi anasikiliza alichorekodi, simu sikioni. Jogoo yupo. Wimbo hakuna. Anaipandisha video mtandaoni, kisha anajinyoosha chali sakafuni kama mzigo uliotuliwa.

"Mama, hii ndiyo ya mwisho humu ndani," anasema. "Sirekodi tena hapa."

"Unaacha? Na dola zako?"

"Siachi. Nahama."

Kinyozi, aliposikia habari za mama, alimpa fundi ufunguo wa akiba wa kibanda chake, ambacho kina mlango; cha fundi kiko wazi upande wa barabara na makelele yake. Kuanzia Jumatatu atarekodi kwa kinyozi kabla hakijafunguliwa. Sharti ni moja: kibao cha bei za kunyoa kionekane nyuma yake. "Na mimi nijulikane," alisema kinyozi.

Dola mia zikifika, fundi anataka kununua kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola. Bati litasubiri.

"Nikitoka alfajiri, nataka nimwache mama na makelele yake," anasema, macho yakimfumbika. "Apige kelele mpaka jirani alalamike."

Mama anainuka kumwekea mto chini ya kichwa.

"Usinitegemee sana hiyo Jumatatu, mwanangu," anamwambia. "Koo limeota kutu. Nitaanza kwa kuguna."