Mbwa Wawili, Madhumuni: Kutalii

Upumbavu wangu ulianzia kwenye fomu. Nilikwenda ofisi ya mifugo hapa Shinyanga kuomba kibali cha kusafirisha mbwa wawili, jambo ambalo mtu mwenye akili zake halifanyi. Mbwa wa huku husafiri bila karatasi, ndani ya gunia au nyuma ya pikipiki. Lakini mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, na hasara ya kuishia pale ni kwamba unabaki unaziogopa karatasi bila kuzielewa. Afisa alitafuta fomu ya mbwa akaikosa, akanipa ya ng'ombe.

"Jaza hiyo hiyo, mzee."

Nikajaza. Idadi: wawili. Jinsia: jike mmoja, dume mmoja. Rangi: udongo, na nyeusi yenye baka. Chapa: hawana. Kwenye madhumuni palikuwa na mnada, machinjo, malisho, kufuga, halafu mstari mtupu. Nilikaa na kalamu hewani mpaka mtu aliyekuwa nyuma yangu, mwenye mbuzi wake wanamsubiri nje, akakohoa. Nikaandika kwenye ule mstari mtupu: kutalii.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwenda kuwaacha. Nilitaka kuwapeleka Ushirombo kwa dada mkubwa wa marehemu mke wangu, wabaki huko, nami nirudi peke yangu. Fomu ilikuwa na neno la jambo hilo, kufuga, lakini mkono haukutaka kuliwekea alama. Mkono wangu una tabia zake.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko barazani kwangu, na kutoka kitandani mpaka kazini ni hatua kumi na moja, na bado nimewahi kulalamika kwamba ni mbali. Mke wangu alikuwa mtu wa barabara. Alikuwa na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo chenye pua fupi, akipakia masufuria na kwenda kuwapikia wachimbaji dhahabu kule Bugarama. Siku nne huko, siku tatu nyumbani. Hawa mbwa wawili alikuwa akienda nao. Jike alikaa kiti cha mbele, dume nyuma kwenye mkaa. Mimi nilibaki kulinda nyumba, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na mbwa.

Tulipomaliza kumzika, kirikuu kikabaki uani. Kila alfajiri wale mbwa walikwenda kukaa kando ya gurudumu la mbele, saa ileile aliyokuwa akiondoka. Jua likichomoza walikuja barazani na kuniangalia. Hawakubweka wala hawakulia. Waliniangalia tu, kama wateja ambao nguo zao hazijakwisha. Watu waliokuja msibani waliniambia nitalia baadaye. Nilisubiri, nikashona, nikala, nikalala. Hiyo baadaye haikuja, na mimi sikwenda kuitafuta. Nilichotaka ni kitu kimoja: kuamka asubuhi moja bila kuangaliwa.

Tuliondoka asubuhi. Mbele kidogo ya Tinde palikuwa na kizuizi cha mifugo, na kijana wa zamu akaomba kibali. Akakisoma, akamwangalia jike kwenye kiti cha mbele, akakisoma tena.

"Mzee, hawa wanatalii?"

"Ndiyo."

"Wao, au wewe?"

"Sote."

"Mmeshaona nini?"

"Bado hatujaona kitu."

"Kutoka Shinyanga mpaka hapa hamjaona kitu? Mmepita yale mawe yote. Mmepita ngitili za Didia. Watu wanatoka mbali na kamera." Alikuwa ameuma midomo asicheke. "Mzee wangu, kibali kinasema kutalii. Mkifika Ushirombo hamjatalii, hii karatasi ni ya uongo."

Mwenzake aliyekuwa kivulini akageuka upande wa pili, mabega yakimcheza. Mtu mwingine angecheka naye akaendelea na safari. Mimi niligeuza gari, nikarudi Didia.

Ngitili ni kipande cha mbuga ambacho wenyewe hukifunga wakati wa mvua, ng'ombe wasiingie, ili kiangazi kikija kuwe na majani. Nimeishi karibu na ngitili maisha yangu yote na sijawahi kusimama kuitazama, kama vile usivyosimama kutazama kabati lako. Nikasimama. Mbwa wakashuka. Dume akainua mguu kwenye mgunga, jike akanusa majani halafu akaniangalia. Mtu mmoja mwenye fimbo akaja taratibu kutoka upande wa nyumba.

"Mwangaluka," akanisalimu kwa Kisukuma. "Umepotelewa na ng'ombe?"

"Hapana. Tunaangalia tu."

"Mnaangalia nini?"

"Majani."

Naye akageuka akayaangalia majani, kwa adabu, muda mrefu. "Ni ya kwetu haya," akasema.

"Ni mazuri."

"Bado mafupi."

Tukasimama pale watu wawili na mbwa wawili, tukitazama majani ambayo bado mafupi. Sikusikia kitu ndani yangu. Sikuona ubaya wake wala uzuri wake. Nikamshukuru, tukapanda.

Isaka tuliitazama reli na makontena yaliyopangwa moja juu ya jingine. Jike alilala. Kahama nililala gesti, wao chini ya kirikuu, na mhudumu akaniuliza kama mimi ni mtu wa mgodini, kwa sababu huku mwenye mbwa wa kukaa kiti cha mbele huwa ni mgeni wa mgodini mwenye kofia ngumu. Nikasema mimi ni mtalii. Aliandika hivyo hivyo kitabuni.

Asubuhi iliyofuata nilitakiwa kwenda magharibi, Ushirombo. Lakini tulipofika njia panda ya kwenda Bugarama jike alisimama kwenye kiti, akaweka miguu ya mbele kwenye dashibodi, akaanza kuhema. Nikakata kona. Nilijiambia kwamba mgodi nao ni kivutio.

Ninachoweza kusimulia kuhusu mgodi mkubwa ni uzio, na nyuma ya uzio kilima cha mawe yaliyotolewa chini, kilima kirefu kisichoota hata jani. Upande wa pili wa barabara kuna wachimbaji wadogo, na makarasha yao, zile mashine za kusaga mawe, zinanguruma mpaka meno yanatetemeka. Niliegesha ili tutazame. Mbwa hawakutazama. Waliruka chini na kukatiza katikati ya vibanda kama watu wanaowahi zamu, mimi nikiwafuata na kamba mkononi, kamba isiyofunga kitu. Wakaingia kwenye kibanda cha mabati chenye mafiga matatu, wakalala mahali pao. Ilionekana wazi kwamba pale ni mahali pao. Udongo ulikuwa na mashimo mawili ya saizi yao.

Sikuwahi kukiona kibanda hicho. Kilikuwa na msumari wa kutundikia kanga. Sasa walikuwa wanapika wanawake wawili nisiowajua.

"Ah, wageni wetu," akasema mmoja, akiwaambia mbwa. Halafu akaniona. "Wewe ndiye dereva wake?"

"Ndiyo," nikasema.

Kijana mmoja aliyejaa vumbi jeupe, ametoka kwenye duara, yaani shimo lao la kuchimbia, akaacha kijiko. "Dereva, mwambie mama wali wa hawa hauna nazi. Tunateseka. Yuko wapi, mbona hatumwoni?"

"Alifariki."

Nilisema kama mtu aliyeulizwa saa. Karasha liliendelea kunguruma. Yule mwanamke akaweka mwiko chini, mwenzake akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Kijana akaniangalia, akaangalia sahani yake, akasema, "Pole, dereva," kisha akawatupia mbwa vipande vyake viwili vya nyama, vyote. Wale wanawake walilia. Walilia vizuri, kwa jina lake, wakijifuta kwa ncha za vitenge. Nilisimama nao mpaka wakamaliza. Wakanipa chai, wakaniuliza kama mume wake yuko salama. Nikasema yupo tu.

Ushirombo tulifika jua limekwisha kupinda. Kwa kuwa kibali kilikuwa bado kinanisumbua, nilipitia kwanza kanisa la zamani la wamisionari: matofali ya kuchoma, kuta nene, ubaridi ndani kama wa mtungi. Nilisoma majina kwenye makaburi ya mapadre, na mbwa wakanisubiri kwenye ngazi. Halafu hapakuwa na kitu kingine cha kutazama ila kwa shemeji.

Alikuwa anachambua maharage chini ya paa la majani nyuma ya nyumba, na mumewe akirekebisha mpini wa jembe. Tukaamkiana, nikaletewa maji ya kunawa, ugali na kisamvu. Hakuuliza kitu mpaka nilipomaliza kula. Akaletewa chai ya kunimiminia, ndipo akasema, "Na hawa?"

"Nimekuletea, shemeji. Mbwa wa mdogo wako. Naona utawatunza vizuri kuliko mimi."

Akaendelea na maharage. "Siku ya mgawo nilikuwepo," akasema. "Vitenge vilitolewa, masufuria yakatolewa. Ukaachiwa kirikuu. Mjomba akauliza mbele ya wote, kuna kitu chochote cha marehemu kimebaki? Ukasimama wewe, ukasema hakuna, hawa mbwa ni wangu."

"Nilisema."

"Mgawo ukafungwa."

Nilijua anapoelekea, na nilipaswa kujua kabla sijajaza mafuta. Kwao, vitu vya marehemu hugawanywa siku moja, mbele ya ukoo, na mgawo ukishafungwa hakuna anayeleta kitu tena. Anayeleta baadaye ni kama alikificha.

"Kwa hiyo mbwa wa mdogo wangu siwezi kuwapokea," akasema. "Hawapo. Wako, hao naweza. Sema mbele ya mume wangu hapa: hawa mbwa ni wangu, nimewachoka, nakupa. Nitawafunga pale bandani leo leo."

Hakuwa anagomba. Alikuwa anataka jambo liende kwa njia yake, kama ambavyo ningemwambia mteja alete kitambaa kwanza. Mumewe akaweka jembe chini ili awe shahidi.

Hayakuwa maneno magumu. Kila siku nasema maneno marefu zaidi ya hayo kuhusu zipu. Jike alikuwa anajikuna sikio. Dume alikuwa amemkalia shemeji miguuni, hana habari.

"Ngoja nimalize chai," nikasema.

Nikamaliza. Nikaomba nyingine. Shemeji akamimina. Niliinywa polepole, nikasifu majani ya chai, nikauliza bei ya maharage, nikauliza mvua. Nikanyoosha kikombe.

"Chai imekwisha, shemeji," akasema.

"Basi."

"Basi nini?"

Mumewe akasubiri kidogo, kisha akaokota jembe lake. Nililala kwao usiku ule, na hakuna aliyenirudisha kwenye mazungumzo hayo. Asubuhi nikafungua mlango wa kirikuu ili nichukue kitambaa cha kufutia kioo, na jike akapanda kwenye kiti chake. Dume akaruka nyuma. Shemeji alikuwa mlangoni na mfuko wa maharage ya kunipa. Akawaangalia, akaniangalia, akauweka ule mfuko nyuma, pembeni ya dume. Ningependa kuandika kwamba niliamua jambo pale. Niliwasha gari tu.

Kibali kilikuwa cha kwenda. Kurudi tulirudi kama mbwa wengine wote, bila karatasi.

Tuliingia Shinyanga kwenye saa kumi. Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye uzio wake na wangu ni mmoja, alikuwa anapepeta mchele uani kwake. Nilizima gari, nikashuka, mgongo umekakamaa.

"Shikamoo."

"Marahaba, ng'wana wane," akasema, yaani mwanangu. "Umerudi nao."

"Nimerudi nao."

Hakuuliza zaidi, lakini mimi nilianza kusema. Sijui kwa nini. Nilimsimulia ngitili na yule mtu wa majani, reli, makontena, kilima cha mgodini, kibanda chenye msumari, kanisa lenye ubaridi. Nilizungumza kuliko nilivyozungumza tangu msiba, nimeshika uzio kwa mikono miwili, na yeye akapepeta na kusikiliza mpaka nikafika mwisho. Akatoa jiwe kwenye ungo, akalitupa.

"Mwenzio alikuomba miaka yote mwende naye hata Bugarama tu, siku moja, ukasema mgongo unauma," akasema. "Hawa hawajakuomba, umewazungusha siku tatu. Haya, wape maji."