Mafuta ya Ganda la Korosho Shavuni Mwangu

Mtanisamehe mwandiko na makosa ya herufi, niliishia darasa la saba na kalamu naishika mara chache, lakini aibu hii nimeona niiseme mwenyewe kabla jirani hajaisimulia vibaya.

Mimi ni mbanguaji wa korosho huku Mpapura, kwenye kikundi cha akina mama kinachoongozwa na Bi Somoe. Wasichana tulikuwa wawili tu, mimi na Zuhura. Zuhura ni mzuri (sisemi kwa wivu, hata paka wa pale alimfuata yeye), na ndiye aliyekuwa akipeleka korosho kuuza Mikindani. Akifika, mwenye duka humtolea kiti. Mimi nina baka jeusi shavuni tangu utotoni, na siku niliyomsindikiza nilisimama juani na mzigo kichwani mpaka mtu akamuuliza Zuhura kama mimi ni mpagazi wake.

Zuhura alipoolewa akahamia Nanyamba, Bi Somoe akaniambia safari hii nikauze mimi, na nikifanya vizuri kazi iwe yangu moja kwa moja, niachane na moshi na maganda.

Badala ya kushukuru nikaanza kuwaza baka. Sisi wabanguaji tunajua ganda la korosho lina mafuta makali, ndiyo maana tunapaka majivu mikononi. Yakikugusa ngozi hubabuka, na ikishabanduka, chini hutoka nyingine mpya, laini. Nikajiambia, kama kidole kinapata ngozi mpya, shavu limekosa nini. Nikapaka tone moja, halafu (kwa kuwa halikuwasha upesi) nikaongeza la pili.

Asubuhi shavu lilikuwa limevimba kama andazi na jicho limefumba. Ningebaki nyumbani, lakini niliona haya kumweleza Bi Somoe, basi nikajifunga mtandio mpaka puani nikaondoka.

Mikindani mambo yalianza vizuri. Mama mmoja alisimama na mtoto wake, akamwonjesha korosho, akataka pakiti nne, nami nikampa kwa mikono yote miwili kama nilivyofundishwa, upepo ukauvuta mtandio.

“Pole, dada,” akasema. “Umepatwa na nini?”

Mimi kudanganya haraka siwezi. “Ni mafuta ya ganda la korosho.”

Kabla sijamweleza kwamba ganda ni kitu kingine na kiini ni kingine, na kwamba nilijipaka mwenyewe, kidole chake kilikuwa kinywani mwa mtoto kinaitoa korosho, mtoto analia, watu wanasogea kutazama, na mzee mmoja aliyekuwa akitafuna ya kuonja akatema taratibu kwenye leso, akaikunja, akaenda zake.

Nilirudi na pakiti zote. Bi Somoe alinisikiliza huku akinipaka mafuta ya nazi, wala hakunigombeza.

“Mwanangu,” akasema, “hilo baka nililiona siku nilipokuchagua.”

Mikindani sikulia. Nililia hapo.

Kazi akapewa mama mmoja asiye na meno mawili ya mbele, na anamaliza mzigo kila safari. Shavu langu limepona, ila baka limekuwa kubwa zaidi. Siwezi kusema sura haihesabiki, maana nimeona kwa macho yangu, ila safari ile nilikuwa nimeshachaguliwa, nikajiharibia mwenyewe. Usoni sasa ni maji na sabuni tu.

Kama nawe uliwahi kujifanyia jambo la namna hii, niandikie. Nitasoma polepole, na nitajibu.