Kopi ya Cheti cha Zamani

Kibanda changu cha kuchapa na kutoa kopi kiko hapa Morogoro mjini, jirani na ofisi ya uhamiaji, na kusema kweli nimechoka. Nimechoka na mashine inayokwama, nimechoka na watu wanaoniuliza mambo ya serikali utadhani serikali ni mimi. Ila Mzee Hatibu sijamchoka, ingawa miezi hii mitatu amekuja kwangu mara kumi na moja.

Analima karoti kule Towelo, mlimani. Anashuka kwa miguu asubuhi, suruali imelowa umande mpaka magotini. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, anakaa kwenye benchi na kuvua viatu. Safari zote hizo ni za mpwa wake Raya, mtoto wa marehemu dada yake Shadia.

Raya alizaliwa hapa. Akiwa na miaka miwili wazazi wake walihamia naye Kanada. Mama akafia huko, baba akaoa tena, na mtoto akarudishwa kwa mjomba wake akiwa na miaka kumi na tatu, begi moja na pasipoti ya kigeni. Uwanja wa ndege wakamgongea viza ya matembezi, siku tisini. Matembezi gani, na mtoto kaja kuishi?

Ili atambuliwe kuwa raia kilitakiwa cheti chake cha kuzaliwa. Mzee Hatibu alikuwa nacho, kakitunza kwenye mfuko wa nailoni miaka yote. Afisa alikisoma, akakirudisha mezani. Pasipoti inasema Raya Yusuph. Cheti kinasema Raya Hatibu, na penye jina la baba pameandikwa Hatibu.

"Mzee, ulijiandika wewe?" nilimuuliza.

"Waliniuliza mwenye mtoto nani. Nikasema mimi."

Mimi kwetu Singida, huku nililetwa na mume aliyepata kazi kiwanda cha Mzinga. Kwetu mtoto ni wa baba, basi. Ilibidi nielezwe taratibu kwamba kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ndiye msimamizi wake. Raya alipozaliwa, baba yake Yusuph alikuwa safarini, Shadia bado yuko kitandani na uzazi, mjomba akaenda kuandikisha. Hakumdanganya mtu. Lakini ofisini, karatasi zile mbili ni za watoto wawili, na huyu aliyepo ni mgeni.

Njia ilikuwa moja: aape mbele ya wakili kwamba yeye si baba, ndipo cheti kibadilishwe. Asipofanya hivyo, siku tisini zikiisha Raya anaondoka, na huko hakuna anayemngoja. Barua ya Yusuph ya kuthibitisha ilichukua wiki tisa kufika. Tulipokaa kuchapa kiapo, zilibaki siku kumi na mbili.

Nikamsomea: "Mimi Hatibu naapa kwamba mimi si mzazi wa mtoto huyu."

"Ongeza hapo, ila ni wangu."

"Mzee, hii siyo barua. Wakili hayataki hayo."

Nilimjibu kwa ukali, miguu ilikuwa inaniuma. Akachukua karatasi, akaenda kusaini. Niliona aibu siku nzima.

Cheti kipya kilikuwa tayari zikiwa zimebaki siku mbili, ila lazima kile cha zamani kirudishwe kwanza. Asubuhi hiyo alikuja na Raya. Mtoto aliniamkia kwa sauti ndogo, Kiswahili chake bado kinasuasua. Mzee akatoa ule mfuko wa nailoni.

"Nitolee kopi moja kabla sijakirudisha."

"Lakini mjomba, hicho kimekosewa," Raya akasema.

"Najua."

Nikatoa kopi. Aliikunja mara nne, akaiweka mfuko wa shati na kuufunga kifungo. Kisha akainama kuvaa viatu, na akakawia sana kwenye kamba. Nilimhurumia, nikajifanya napanga karatasi.

Raya alikuwa anauangalia ule mfuko wa shati. Halafu akanigeukia.

"Mama, na mimi naomba moja."

Nikakirudisha cheti kwenye mashine. Ikakwama, nikaipiga kofi, ikatoa.