Viganja Sita Chini ya Sementi

Bibi yangu anakaa Bagamoyo, hii ya kwetu Tukuyu, ile ya pwani tuwaachie wenyewe. Nyumba yake ina matundu mengi kuliko soksi zangu za shule. Baba yake aliijenga kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe, na kabla hayajakauka aliita familia nzima, kila mtu akabonyeza kiganja kwenye tofali lake. Viganja sita vimejipanga kando ya mlango. Kidogo kuliko vyote ni cha bibi.

Kila asubuhi akitoka, bibi huingiza kidole gumba ndani ya kile kiganja kidogo, kama anabonyeza kengele.

"Bibi, wenyewe hawapo," nilikuwa namtania. "Utabonyeza mpaka lini?"

"Mimi nipo," anajibu.

Baba mkubwa, mwanawe wa kwanza, alitaka kuibomoa ajenge fremu za maduka. Mwalimu wetu wa historia akaandika barua kwa watu wa mambo ya kale, tukajibiwa kwamba mtaalamu wa majengo ya kale atakuja Ijumaa kukagua. Akisema nyumba inastahili kuhifadhiwa, haiguswi. Akisema haistahili, kwisha habari. Baba mkubwa mwenyewe alikubali.

Sasa, kwa bibi, mgeni akitarajiwa lazima kuta zipakwe udongo upya. Hata angekuwa anakuja mwizi, ilimradi katoa taarifa, atazikuta kuta zimepakwa. Bibi hupaka udongo kila mahali, hadi juu ya viganja, halafu huchukua kitambaa chenye maji akavifuta kimoja kimoja, navyo vinarudi.

Jumatano alikwenda Suma msibani, akaniachia kazi ya udongo. Udongo unachotwa bondeni, halafu unapanda nao kilima ndoo kichwani, mvua inakupiga mgongoni. Nikakitazama kilima. Nikaitazama mifuko ya sementi ya baba mkubwa, imepangwa stoo inasubiri fremu zake. Nikacheka peke yangu. Kuiokoa nyumba kwa sementi ya adui! Mwiko niliwahi kuushika tulipojenga choo cha shule, kwa hiyo nilikuwa fundi kamili, machoni pangu. Nikapiga lipu ukuta wote wa mbele, laini kama shavu la mtoto. Mtaalamu gani, nikasema, atakubali ibomolewe nyumba inayong'aa hivi?

Bibi alirudi Alhamisi jioni. Akaukagua ukuta, akatabasamu. "Ndaga, baba. Umenisaidia sana." Akachovya kitambaa chake kwenye maji, akaanza kufuta kando ya mlango. Akafuta. Akachovya tena, akafuta.

"Mbona haviamki?"

Nilikuwa na utani tayari mdomoni. Badala yake nikaenda stoo kutafuta tindo.

Ijumaa kabla jua halijapanda nilikuwa pale na tindo na nyundo. Kipande cha kwanza cha lipu kilitoka vizuri, nikashukuru Mungu. Halafu nikakigeuza. Uso wote wa tofali ulikuwa umeganda nyuma yake, na vidole vitatu vya mtu mzima. Ukutani pamebaki shimo jekundu linalomwaga vumbi. Nikajaribu cha pili, polepole, nikigonga kama daktari. Kikavunjika vilevile. Cha bibi sikukigusa. Nilikaa chini kwenye tope nikalia, na mimi huwa silii hata kwa fimbo.

Mtaalamu alikuwa mama mpole mwenye miwani. Bibi akampokea kwa mikono miwili. "Kalibu, mama, kalibu." Akampa ndizi na chai. Mama alizunguka nyumba yote kabla ya kurudi mlangoni.

"Barua ilitaja viganja."

"Vipo hapo ndani," bibi akasema, akigusa lipu. "Huyu mjukuu wangu alitaka ukute pasafi."

"Niongezee muda, mama," nikamwambia. "Nitatoa kwa kisu. Kwa kucha. Nipe mwezi."

Aliviokota vile vipande, akavigeuza kimoja kimoja. "Sementi imeng'ang'ania, mwanangu. Ukiitoa, inaondoka na tofali. Paa limeoza, milango ilishabadilishwa. Viganja ndivyo ningevitumia kuitetea." Hakuandika mbele yetu. Alikwenda kuandikia garini.

Leo Jumapili kuna alama ya X nyekundu juu ya lipu yangu. Baba mkubwa hakunigombeza hata kwa sementi yake, afadhali angenichapa. Wabomoaji wanakuja kesho. Asubuhi bibi alitoka, kidole gumba kikaenda chenyewe pale kando ya mlango, kikateleza. Akapapasa juu, akapapasa chini.

Halafu akaniletea ndoo.

"Bibi, ya nini? Si wanabomoa?"

"Kesho tuna wageni," akasema. "Kalete udongo."

Nimekwenda bondeni mara nne. Sasa hivi anapaka ule ukuta, X na yote, na kitambaa chenye maji kakiweka begani.