Ubao Mmoja Usiopigiliwa

Mtaani walimwita Fundi Dari, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Mbao zake zilibanana hata wembe usipite. Lakini kila nyumba aliyoifanyia kazi, katika chumba cha ndani kabisa, aliacha ubao mmoja bila msumari. Ulilala tu juu ya fremu, mtu angeweza kuusukuma kwa kichwa akapita.

"Fundi, huo ni mlango wa panya?" wenzake walimtania.

"Panya naye ana roho," alijibu, na utani ukaishia hapo.

Wenye nyumba walimwita mzembe. Baadhi yao walipanda ngazi wakapigilia wenyewe. Hakugombana nao, wala hakuwaeleza kwamba alipokuwa mtoto, watu wa kabila lake waliposakwa nyumba kwa nyumba, yeye alibaki hai juu ya ubao wa namna hiyo.

Tuliseme wazi, maana wapo wanaopenda kusema kwamba siku zile watu walipagawa. Hawakupagawa. Waliokuja walikuwa majirani. Walijua sukari ya nyumba ile aliyojificha inakaa kabati gani, na walipomaliza kuua walilifungua, wakaichukua. Leo wapo wanaogawa neno "samehe" kama peremende, na wengi wao hawajawahi kumuuliza fundi huyu alipoteza nini.

Kisha binti yake akajifungua. Dari ya nyumba ya binti alikuwa ameipiga mwenyewe, na ule ubao ulikuwa juu ya kitanda cha mtoto, ambacho hakikuwa na pengine pa kuwekwa. Upepo ukivuma, vumbi na vinyesi vya panya vilimdondokea. Mtoto akaanza kukohoa hadi midomo inabadilika rangi. Daktari alipoelezwa mahali anapolala, alisema bila kuzunguka: zibeni hapo, au kifua hiki hakitapona.

"Baba, nakuomba," binti alisema. "Misumari miwili tu."

"Kesho, mwanangu."

"Na jana ulisema kesho."

Mwishowe fundi akapanda ngazi, misumari ameibana midomoni kama mafundi wafanyavyo. Akausogeza ubao mahali pake, akaweka msumari, akainua nyundo. Mkono ukagoma. Alijua kabisa lililo sawa. Kikohozi cha mjukuu alikisikia pale chini. Jasho likamtiririka hadi kwenye viwiko, na nyundo ikabaki hewani.

"Baba mkwe, nyundo imekuwa nzito leo?" mkwe wake alijaribu kuchekesha. "Nikuletee mwiko wa jikoni?"

"Shuka, Baba," binti akasema. "Shuka, basi."

Mkwe ndiye aliyepanda. Mzee alikaa ukingoni mwa kitanda, na kila pigo la nyundo lilimkunja shingo. Binti alijua kwamba baba yake aliwahi kujificha darini, lakini hakuwahi kumdadisi. Sasa akamwuliza taratibu:

"Kule juu mlikuwa wangapi?"

"Mmoja. Dada yangu alinipandisha mabegani nikapita. Yeye hakuwa na wa kumpandisha. Akachukua ufagio, akaurudisha ubao mahali pake kwa mpini. Vumbi likanijaa kooni, nikajiziba hivi." Akajifunika mdomo kwa kiganja. "Nikamsikia akiwaambia yuko peke yake."

"Halafu?"

"Halafu sikumsikia tena."

Nyundo ikanyamaza. Mkwe akashuka, akafuta mikono kwenye suruali. Mzee alitazama juu akiutafuta ubao wake, asiutambue. Kazi ilikuwa safi, mbao zote zimekuwa sawasawa.

Ndipo mtoto akakohoa. Kabla mtu hajajua kinachotokea, mkono wa babu ulikuwa umeruka ukamfunika mjukuu mdomo, ukambana.

"Baba!" Binti akamshika kifundo cha mkono, akauvuta kwa nguvu zote. Mtoto akalia. "Mwache akohoe, Baba. Mwache. Hakuna anayetusikiliza."

Mzee aliutazama mkono wake kana kwamba umeletwa na mtu mwingine. Akaurudisha nyuma polepole, akaukalia. Mtoto alikohoa tena, na babu akabaki hapohapo, mkono chini ya paja, macho mlangoni, akisikiliza kama kuna mtu nje aliyesikia.