Sauti Chini ya Kuba

Miaka ya hamsini, mimi na shangazi yangu tulikuwa washonaji Kariakoo. Tukapewa kazi ya kushona mapazia ya ukumbi mkubwa wa mji, ule wenye matao meupe, maua ya plasta ukutani na kuba juu kabisa.

Adhuhuri moja tulienda kupima madirisha. Shangazi alikuwa upande wa pili, pini zimemjaa mdomoni hata hawezi kusema. Nilipokuwa naandika kipimo cha dirisha la mwisho, sauti ya mwanamke ikaninong'oneza sikioni: "Pima tena, mwanangu."

Nikageuka. Hapakuwa na mtu.

Nilipima tena. Kweli, nilikuwa nimekosea futi nzima.

Mlinzi wa ukumbi alicheka nilipomweleza. "Ni hiyo kuba, dada. Mtu akisema kona ile, unamsikia kona hii."

"Na kona ile alikuwepo nani?" shangazi akamuuliza, akitoa pini mdomoni.

Mlinzi aliitazama ile kona, kicheko kikamkauka.

Mapazia yalienea sawasawa. Lakini siku ya kuyatundika mimi nilibaki barazani. Shangazi aliingia peke yake, akisoma dua.