Jumapili Chini ya Mzinga wa Mjomba

Mjomba wangu hakuelewa kwa nini watu wazima wapande mlima kwenda kula.

"Huku chini hawali?" aliniuliza.

"Wanakula."

"Sasa huko juu wanafuata nini?"

"Hewa," nilisema, maana ndilo jibu nililokuwa nimepewa mimi nilipouliza.

Nilikuwa nimerudi kutoka Ujerumani, nilikokaa miaka miwili nikiwafundisha Kiswahili wanafunzi wa chuo kikuu, na muda wangu mwingine nikijipenyeza kwenye mihadhara ambayo hakuna aliyenialika. Huko nilijifunza kutilia shaka kila kitu, na nilipofika nyumbani sikujua kuacha. Boma la Wajerumani la Dodoma likanipa kazi ya ukalimani. Kutwa nzima nilibeba maneno ya watu wengine kutoka mdomo huu kwenda sikio lile, na jioni nilikuwa sina hamu ya kusema langu.

Mwaka ule mvua zilichelewa. Bwana wa misitu, Mzungu mwenye sauti ya upole, alitaka kumwonyesha mkewe msitu ulio juu ya milima ya upande wa Kongwa. Msitu huo alikuwa ameufunga yeye mwenyewe: asiingie mtu kukata mti, kulisha ng'ombe, kuwasha moto wala kurina asali. Atakayekamatwa atachapwa viboko. Yeye na mkewe walikwenda kutembea tu, na mimi niliambiwa nifuatane nao kwa sababu kule ndiko kwa ndugu wa mama yangu.

Jumbe wa kijiji cha mjomba alipotafuta wapagazi, mjomba alijitokeza kabla hajaitwa. Nilishangaa, kwa umri wake. Asubuhi ile, tukiwa tunafunga mizigo, alinivuta kando.

"Mpwa wangu, pale kwenye jiwe pana, penye chemchemi, wasikae. Wapeleke upande wa pili."

"Kuna nini?"

"Mzinga wangu."

Ulikuwa umebaki huo mmoja, mingine ilikwisha kuchomwa. Na binti yake alikuwa ameposwa. Katika ukoo wa mama yangu, msichana haondoki kwao mpaka baba yake awamiminie wakwe pombe ya asali iliyotoka kwenye mzinga wake mwenyewe. Asali ya kununua haifai. Ni kama kusema binti naye umemwazima kwa jirani. Mimi niliona ni desturi ya kujitesa, na nilikwisha kumwambia hivyo. Alinijibu kwamba wakwe hawakusoma Ujerumani.

Tukapanda. Chini kulikuwa na miiba na vumbi, na jua la kutoboa utosi. Nilivaa viatu nilivyonunua ng'ambo, vikanibana visigino. Bibi, mke wa Bwana, alisimama kila penye ua, na kila aliposimama wapagazi walisimama na mizigo kichwani, bila kujua kama watue au waendelee kungoja.

"Anatafuta dawa?" aliuliza mpagazi mmoja mwenye mdomo, kijana jirani ya mjomba.

"Anatazama tu, na kuvuta hewa," nilisema.

"Hewa tunaibeba kwenye kapu gani? Nisije nikaimwaga."

Wenzake walicheka. Mjomba hakucheka. Yeye alibeba kapu la sahani na chupa, na macho yake yalikuwa mbele, njia inapogawanyika.

Tulipofika hapo msitu ulikuwa umesongamana. Ukungu ulipita kati ya miti, na majani yalidondosha maji wakati kule chini watu walikuwa wanachimba mchanga wa korongo wapate ya kunywa. Bwana akashika njia ya kulia, ya kwenye jiwe. Nikamwambia jambo la kwanza lililonijia.

"Bwana, huko kuna mizimu. Watu hawaendi."

Mimi siamini mizimu. Nilidhani na yeye, kwa kuwa haamini, ataheshimu kwa adabu tu na kupita kushoto. Akageuka, uso umemng'aa.

"Mizimu? Hasa mahali gani? Tutakula hapo hapo!"

Mjomba alijua Kigogo tu, hakujua Kiswahili, lakini aliona miguu ya Bwana inakoelekea.

Wakatandika kitambaa juu ya jiwe. Wakatoa mkate, mayai, nyama ya kopo, na chupa za bia wakaziweka ndani ya chemchemi zipoe. Bwana aliniuliza habari za mizimu: inakula nini, inakuja saa ngapi. Nilimjibu hovyo, nimechoka, kila uongo ukizaa mwenzake. Kisha bibi akafungua kopo la jemu.

Nyuki wawili walikuja, halafu wengi. Bibi aliwapunga kwa kofia, akicheka, kisha akainua macho kuona wanakotoka.

"Ile nini?"

Gogo lilikuwa limening'inia juu kabisa, limefungwa kwa kamba za magome. Ubavuni lilikuwa na alama ya mikato miwili iliyopishana. Wapagazi wote waliijua. Yule mwenye mdomo akawa anatazama vidole vyake vya miguu.

Bwana akasimama. Hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi.

"Waulize ni wa nani."

Niliuliza kwa Kigogo. Mjomba alikuwa bado ameshika kapu.

"Si wangu," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amemtaja. "Mwenyewe alikufa."

Nilipotafsiri, Bwana alimgeukia. "Mwambie arudie."

Akarudia kwa sauti kubwa, uso ameuinua juu kwenye mti: "Huu si mzinga wangu."

Nikatafsiri. Bwana akakaa, akamenya yai. "Kama mwenyewe hayupo, basi uachwe. Nyuki hawana kosa."

Kwa mara ya kwanza siku ile nilivuta hiyo hewa tuliyoifuata.

Wakati wa kushuka nilimngojea mjomba nyuma ya wengine. "Umepona," nilimwambia. "Na mzinga umepona. Wakiondoka tutapanda mimi na wewe, tukarine."

"Turine asali ya nani?"

"Yako, mjomba."

"Nimeukana. Nimeukana nikiwa chini yake."

"Ulimkania Mzungu! Na aliyemwambia ni mimi."

"Wewe ulimwambia Mzungu. Mimi nilisema Kigogo, na nyuki wa kule hawajui lugha nyingine." Aliliweka kapu sawa kichwani. "Ukifika chini ya mti unajitaja. Mimi fulani, mwana wa fulani, nimefuata changu. Sasa nitajitaja nani?"

"Nyuki hawasikii maneno."

"Umewauliza?"

Nilikuwa na majibu kutoka kwenye mihadhara, lakini visigino vilikuwa vinachuruzika damu, na mbele yetu tambarare yote ilikuwa ya rangi ya jivu hadi macho yanapoishia.

Kijana mwenye mdomo alitungojea kwenye mteremko wa mwisho. Hakuwa na mzaha tena. "Mzee," alisema, "mimi sikusikia kitu kule."

"Ulisikia, mwanangu," mjomba alimjibu. "Asante."

Hakupanda tena. Alichonga gogo jipya, akalipaka nta ndani, akalining'iniza kwenye mgunga pembeni ya shamba lake, huku chini, kwenye ukavu. Wakwe walituma mtu kuuliza, wakaambiwa wangoje. Wakangoja msimu mmoja, na mvua ya mwaka ule ilikuwa haba, maua machache.

Nilipopita tena, nikiwa na mizigo ya boma, mjomba alikuwa malishoni. Binti yake alikuwa uani anapepeta uwele. Niliutazama ule mzinga, mdomo wake mweusi mtupu.

"Shikamoo, kaka," alisema.

"Marahaba. Nyuki wameingia?"

"Bado," alisema, akaendelea kupepeta.